Unataka Kupeleka Kundi Masingini? Soma Hapa Kwanza

Kila likizo ya skuli ikikaribia simu yangu haitulii. Maalim tunataka kuwapeleka watoto msituni tufanyeje, kaka tuko watu 15 wa maskani tunataka kutembea twende saa ngapi, na kuna bi mkubwa mmoja alinipigia saa nne usiku kuniuliza kama kule kuna chui, nikamwambia mama mimi nimeshakwenda mpaka hesabu imenipotea na sijakutana hata na paka shume, lala salama. Maswali ni yale yale kila mwaka, kwa hiyo nayajibu hapa mara moja, ukinipigia tena nitakutumia hii.

Nazungumzia msitu wa Masingini, ule ulio juu ya Bububu, mwendo wa daladala tu kutoka mjini. Ndo sehemu ya juu kabisa ya Unguja, kama mita 120 kutoka usawa wa bahari. Mtu wa bara atacheka, atasema hicho si kilima ni tuta, lakini wewe mpandishe bibi wa miaka 60 kutoka bondeni saa nne asubuhi wakati wa kaskazi, ule msimu wa joto, alafu uniambie kama 120 ni chache. Ukiwa Pemba na unataka kuwapeleka watu msitu wa Ngezi mengi ya humu yatakufaa pia, isipokuwa kule usafiri ni mrefu na ujipange zaidi.

Kitu kimoja nakisema mapema mana nitakirudia mpaka mchoke: kundi haliongozwi na mtu wa mbele. Wa mbele anajua njia basi. Anayeongoza ni wa nyuma, na ukimchagua vibaya huyo hata uwe na bwana misitu mwenye miaka 30 kazini mtaumbuka.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaita watu

- Ruhusa. Nitaieleza chini.
- Mtu mzima wa kukaa nyuma, asiyependa simu. Namaanisha hivo hivo nilivoandika.
- Maji, lita moja kwa kila mtu mzima, na watoto usiwapunguzie sana. Chupa ya nusu lita inaisha kabla hamjafika bondeni.
- Viatu vya kufunika vidole, raba zinatosha. Ndara hapana. Makubadhi mazuri ya Eid hapana.
- Nguo ndefu, suruali na mikono mirefu, kwa ajili ya mbu na upupu. Kina mama baibui livaliwe hakuna anayekataza, ila lipandishwe kwa mkanda au pini, mana likiburura linazoa kila mwiba na kila siafu wa njiani.
- Mfuko wa huduma ya kwanza: bendeji, plasta, spiriti, kibano, kipande cha sabuni, seloteipu (ndio, seloteipu, utaona kwa nini), na paketi mbili za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini.
- Filimbi mbili, moja mbele moja nyuma.
- Kanga moja ya ziada. Inafunga mkono uliovunjika, inatandikwa, inafunika mtoto mvua ikinyesha, sijaona kifaa kinachoishinda.
- Pakacha au mkoba wa ukili wa kutilia taka. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, usije ukaingia nayo kwenye hifadhi ukajiaibisha.
- Karatasi ndogo zenye namba yako ya simu, moja kwa kila mtu. Iandike kwa peni, usiseme "iko kwenye grupu".

Hatua zenyewe

1. Omba ruhusa. Masingini ni msitu wa hifadhi, uko chini ya Idara ya Misitu, si shamba la ami yako. Nenda wiki moja kabla, kama ni skuli nenda na barua yenye muhuri, sema mko wangapi, siku gani, mnataka kufanya nini, ulizia kiingilio, na omba bwana misitu wa kutembea nanyi. Usichukue kijana wa jirani aliyekwambia "mimi njia zote nazijua". Anazijua kweli, tena nyengine ni za wakata kuni, na sheria ya misitu ya 1996 haitaki uingie kukata wala kuokota bila kibali, sasa mkikutwa huko na watoto wa skuli 20 mtajieleza vipi?

2. Nenda mwenyewe kwanza. Kosa la kwanza la kila anayeanza ndo hili, anaiona njia siku moja na wageni wake. Nenda na bwana misitu siku ya kawaida, tembea njia yote, angalia saa. Ukitumia dakika 50 peke yako, na kundi itakuwa saa moja na nusu mpaka mbili. Andika kila njia panda. Andika simu inashika wapi na inakata wapi, kwa kawaida juu inashika, ukishuka bondeni inaanza kusuasua. Na tafuta mahali patatu au pane ambapo watu 15 wanaweza kusimama duara bila kukanyaga miche, mana ukisimama njiani kwenye mstari ukaanza kueleza, wa nyuma hawasikii kitu wanaanza kupiga soga, na wakishaanza soga umewapoteza mpaka mwisho wa safari.

3. Chagua siku. Masika, yani Machi mpaka Mei, usiende. Udongo wa bondeni ni kinamo, ukirowa unateleza kama umemwagiwa mafuta. Vuli ya Oktoba hadi Disemba unaweza kubahatisha lakini angalia jana yake imenyesha au la. Wakati mzuri kuliko wote ni kipupwe, Juni mpaka Septemba, kuna baridi kidogo na watu hawachoki. Kaskazi inawezekana mkianza mapema. Ijumaa mimi siendi, mana kila mtu anataka kuwahi msikitini na mwendo unakuwa wa kukimbizana. Ramadhani acheni kabisa, watu wamefunga na maji hawanywi, mnatafuta nini?

4. Saa. Saa moja asubuhi muwe mlangoni. Sio muwe kituoni mjini mnasubiri daladala, muwe mlangoni. Ukitaka hivo waambie watu saa kumi na mbili na nusu. Mapema ndo ndege wanalia na kima wanakula, ikifika saa nne wote wamejibanza kivulini kama sisi. Pia mkianza saa moja mnatoka saa tatu na nusu au nne, kila mtu anafika nyumbani anaoga anapumzika kabla ya Adhuhuri.

Daladala ya 502 inakushusheni Bububu. Kutoka hapo kodini gari, msiwachoshe watoto kwa kutembea lami kabla hata hawajaona mti.

5. Idadi. Watu 12 ndo sawa, 15 mwisho. Mkiwa 25 gaweni makundi mawili, kila moja na wa mbele wake na wa nyuma wake, na liachane dakika 20. Najua utaniambia "lakini wote wamelipa". Sawa, wagawe.

6. Watumie meseji inayoeleweka. Usiandike "tukutane asubuhi, mje mmejiandaa". Mimi naandika hivi, ichukue kama ilivo:

"Asalaam alaykum. Jumapili tunatembea Masingini. Tukutane Bububu saa 12 na nusu asubuhi, gari inaondoka saa 1 kasorobo haimsubiri mtu. Vaa raba na nguo ndefu. Njoo na maji lita 1 na chakula kikavu, maandazi au mkate wa kumimina, usije na kitu cha mchuzi. Mwenye pumu, sukari, presha au mja mzito anijulishe faragha, haimzuii kuja. Tutashuka na kupanda, jumla kama saa 2 na nusu."

Hiyo ya faragha ni muhimu. Nimeona mtu ana pumu hajasema, na pampu yake kaiacha ndani ya gari mana anaona haya.

7. Mlangoni, kabla ya mguu wa kwanza. Hapa ndo watu wanaharakisha na hapa ndo pa kukawia.

Hesabu watu, kila mtu apewe namba. Mtoto wa kwanza moja, wa pili mbili, mpaka mwisho, na kila ukisema "hesabu" kila mtu anaitaja yake kwa sauti. Watoto wanaipenda, wakubwa wanaona haya mara ya kwanza alafu wanazoea. Gawa vikaratasi vya namba ya simu. Mtambulishe mtu wa nyuma mbele ya wote: huyu ndo wa mwisho, hakuna anayebaki nyuma yake, ukitaka kujisaidia mwambie yeye, ukitaka kufunga kamba ya kiatu atasimama na wewe.

Nikueleze kwa nini nalikazania hili. Kuna siku nilikuwa na watu 22, ndio, mimi ninayekwambia 15. Nilikuwa mbele najisikia, nyuma nimemwachia kijana mmoja mzuri tu ila alikuwa na simu mpya. Tumefika njia panda sisi tumekwenda kulia, yeye kasimama kupiga picha konokono, shangazi wawili na mtoto wa miaka saba wakampita, wakaona njia ya kushoto pana zaidi wakaenda zao. Yeye alivyomaliza konokono wake akatukimbilia, akatukuta, akajua wote wako mbele. Mimi sikujua kitu mpaka tulipokaa kula. Nilinunua maandazi kwa hesabu ya watu, nikagawa, yakabaki matatu kwenye kikapu. Nikayaangalia yale maandazi matatu mpaka mgongo ukaingia baridi.

Tuliwakuta baada ya nusu saa. Walikuwa wamekaa chini ya mwembe wanazungumza harusi ya mtu, mmoja kavua kanga yake kaifunga kwenye shina ionekane kutoka njiani. Nikamwambia, shangazi mbona hamkunipigia simu jamani. Akaniangalia. "Nikupigie kwa namba ipi mwanangu, kwani ulinipa?"

Ndo vile vikaratasi. Na ile kanga mtini sasa ni kanuni yangu ya kwanza, namwambia kila mtu mlangoni: ukijiona peke yako simama hapo hapo, usitafute njia, funga kitambaa mahali panapoonekana, piga makofi matatu, pumzika, piga tena. Tutakuja sisi.

Kanuni nyengine ni fupi: hakuna kuchuma, hakuna kulisha mnyama, hakuna muziki wa spika, hakuna sigara. Na mkikuta mti au pango limefungwa vitambaa, kuna ubani au sahani imewekwa, msiguse msipige picha, piteni kwa adabu. Hata kama wewe huamini mizimu, kuna mtu kaweka pale na ana haja yake.

8. Panga mstari. Wa mbele ni bwana misitu. Wa pili, nyuma yake kabisa, ni mtu anayekwenda polepole kuliko wote, bibi, mja mzito, mtoto mdogo. Watu wengi wanawaweka nyuma na ndo kosa lenyewe, mana wa nyuma siku zote anakimbizana, wenzake wakisimama kupumzika yeye ndo kwanza anafika, na akifika wao wanaondoka, kwa hiyo aliyechoka kuliko wote ndo asiyepumzika hata mara moja. Akiwa wa pili mwendo wote unakuwa wake. Vijana wenye nguvu wakae nyuma karibu na mtu wa nyuma, wabebe maji ya akiba. Watanuna, waache wanune.

9. Kushuka bondeni. Hatua fupi, mguu ubavu, usiegemee nyuma. Shika mti mzima sio tawi, na uangalie kwanza unashika nini, mana kwenye majani ya miti mingi kuna majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa kiota, ukishika kiota chao utasahau mteremko. Kila njia panda simameni wote mpaka wa nyuma afike na aseme "niko". Sio ainue mkono, aseme.

10. Vituo. Kutembea tu si safari, watu wakitoka waseme wameona miti basi. Lakini pia usiwageuze wanafunzi wa chuo. Mimi nasimama mara nne.

Cha kwanza ni cha kusikiliza. Mjini kwetu kunguru hawanyamazi, hawa weusi wenye shingo ya kijivu, waliletwa kutoka India kuelekea mwisho wa karne ya 19 na sasa ndo wenye mji. Ukiingia msituni wanakuwa bado wanasikika nyuma yako pamoja na honi za Bububu, alafu mahali fulani sauti zinakatika. Hapo ndo nasimamisha kundi. Dakika moja kimya, macho yafungwe, kila mtu ahesabu kwa vidole sauti tofauti anazozisikia. Watoto wanafika saba, wanane. Wakubwa wanafika tatu na moja ni tumbo.

Cha pili ni maji. Sisemi mengi: mvua inanyesha juu ya huu mlima, miti inaikamata, inazama ardhini taratibu, inatokea chini kama chemchem. Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, alivuta maji ya chemchem za Bububu kwa mabomba mpaka mjini, na msitu huu mpaka leo unalindwa kwa ajili hiyo hiyo ya maji. Nawauliza, asubuhi nani kanywa chai? Basi. Maelezo yameisha hapo, twende.

Cha tatu ni jongoo, na hichi ndo nakipenda. Baada ya mvua ndogo hukosi jongoo mkubwa, mweusi, anang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Waite watoto wachutame, wasimame wakubwa nyuma yao. Mwangalieni miguu, usiangalie mmoja mmoja angalia yote kwa pamoja, inakwenda kama upepo unavyopita juu ya mpunga, mawimbi yanaanzia nyuma yanakwenda mbele, na yeye mwenyewe wala hana habari. Mguse kwa kijiti anajikunja duara. Hapo nauliza nani anajua mtupa jongoo hutupa na nini, mtoto mmoja siku zote anajua, "na mti wake!", na mimi namwambia leo hatutupi jongoo wala mti. Usimshike kwa mkono, anatoa majimaji yenye harufu yanayotia doa, na mtoto akijipangusa jicho atalia njia nzima. Aliyeshika anawe kwa sabuni.

Cha nne ni kima kama wapo. Usiahidi. Kuna kima wa kawaida na kuna kima punju, yule mwekundu mgongoni mwenye nywele nyeupe zimemzunguka uso kama babu aliyeamka sasa hivi, ambaye duniani hayupo kwa asili isipokuwa Zanzibar. Makazi yake hasa ni msitu wa Jozani, ila baadhi walihamishiwa Masingini miaka ya 1970. Akionekana karibu waonyeshe mkono wake, dole gumba hana, kimebaki kinundu tu, anashika tawi kwa vidole vinne kama ndoana. Chakula chake ni majani machanga na matunda mabichi, tumbo lake limeumbwa kwa hayo, na Jozani wanajulikana kwa kula makaa ya mkaa, inaaminika yanawasaidia na sumu ya majani. Kwa hiyo andazi lako si sadaka, ni ugonjwa. Pia mkae mbali naye, mafua yako anaweza kuyapata.

Komba usiwaahidi watu, ni wa usiku. Mchana amelala.

11. Kula. Kaeni mahali pa wazi ambapo bwana misitu kakuonyesheni. Chakula kikavu, fanyeni haraka, dakika 20. Pakacha lizunguke, hata ganda la chungwa litiwe, na ganda la yai. Watu wanabisha "hilo linaoza", sawa linaoza, lakini kabla ya kuoza linamfundisha kima kuwa binadamu ni hoteli.

12. Kupanda kurudi. Hesabu kwa namba kabla ya kuondoka, hesabu juu, hesabu mlangoni. Wakati wa kupanda kundi linataka kukatika vipande, wenye nguvu wananusa gari. Usiruhusu. Kila dakika kumi simameni, vuta pumzi, maji. Anayeona kizunguzungu akae, miguu inyooshwe, ORS taratibu.

Ikitokea hivi, fanya hivi

*Siafu wamepanda miguuni.* Msisimame kuwaangalia, ndo kosa la kila mtu, anasimama anapiga kelele juu ya mstari wao. Kimbieni mbele mita kumi kumi na tano ndo mjipanguse. Waliong'ata vua mmoja mmoja kwa kibano. Kina mama wazungukeni wenzenu kwa kanga wajikague ndani, msione haya.

*Mtu kagusa upupu.* Usikune, usijipanguse kwa mkono, mana unausambaza na ukifika jichoni ni balaa. Bandika seloteipu juu ya ngozi uivute, rudia na kipande kipya kila mara, alafu osha kwa sabuni na maji mengi. Nguo iliyopata upupu ibadilishwe, ifungwe peke yake, na mwambie aliye nyumbani kabla hajaifua.

*Nyoka njiani.* Simama, rudi nyuma hatua tatu, mwache apite. Asilimia kubwa ya kazi ni kuwazuia wanaume wasitafute fimbo. Akimng'ata mtu: mlaze chini, atulie, mvue pete na bangili, funga mguu au mkono kwenye kijiti kwa kanga usicheze, mbebeni mpaka kwenye gari na hospitali moja kwa moja. Usifunge kamba ya kubana damu, usichanje, usinyonye, na msimfuate nyoka mumuue ili mumuonyeshe daktari.

*Mvua imewakuta bondeni.* Ikiwa rasharasha endeleeni kwa hatua fupi. Ikiwa kubwa simameni pa wazi kidogo, msijibanze chini ya mti mrefu ulio peke yake, na msivuke mkondo wa maji uliopanda hata kama asubuhi mliuruka. Ikipungua rudini kwa njia mliyokujia, hata kama ile nyengine ni fupi.

*Mtu hayupo kwenye hesabu.* Kundi lote likae chini. Wote. Wakianza kutawanyika kutafuta, utatafuta sita badala ya mmoja. Mtu wa nyuma na bwana misitu warudi mpaka njia panda ya mwisho, wapige filimbi mara tatu, wasikilize. Wazee wengine hawapendi mluzi msituni, wanasema unaita vitu, lakini filimbi ya plastiki haina neno, nimeshauliza. Ikipita nusu saa kimya piga simu kituo cha msitu, na 112 kama hupati mtu.

*Mtoto hataki kuendelea.* Mpe kazi. Mpe filimbi ya mbele (toa kile kigololi cha plastiki cha ndani kwanza kama una akili), au mpe kuhesabu watu. Mimi nampa pakacha, akishakuwa mkuu wa taka hasikii tena kuchoka.

*Mzee kasema goti limeuma na bado mko chini.* Usimwambie "jikaze bibi". Kaeni naye dakika kumi, wengine wale, alafu vijana wawili mmoja kila upande na fimbo moja mkononi, na mwendo uwe wake. Ndo mana uliacha muda wa ziada kwenye hatua ya pili.

*Gari mliyoikodi haijaja.* Hii imenitokea mara mbili, na mara zote mbili dereva yuko "hapo karibu". Mlipe nusu kabla na nusu mkirudi, na chukua namba ya pili ya mtu wake. Wakati mnasubiri kaeni kivulini ndani ya mlango, sio barabarani. Ikifika usiruhusu watu wajipakie ovyo, simama mlangoni mwa gari, waite kwa namba kuanzia moja, na wa mwisho kupanda awe yule yule wa nyuma, akishakaa ndo umwambie dereva twende.